Kabla ya Tuisheni, Saa Moja ya Kucheza

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wasomaji ni lile lile, ingawa kila anayeuliza ana yake yaliyomkuta. Bibi anamlea mjukuu aliyefiwa na wazazi wote wawili. Shangazi amempokea mtoto wa kaka yake baada ya nyumba kusombwa na maji. Mwalimu wa darasa la awali ana mtoto ambaye hajatoa sauti tangu muhula uanze. Wote wanasema: nimempeleka shule, nimemnunulia sare na madaftari, mbona hashiki chochote? Wengi wao, wanapouliza hivyo, wameshaanza kumtafutia tuisheni.

Ushauri wangu ni kwamba tuisheni isubiri kwanza. Mtoto aliyepitia msiba, kipigo, njaa ya muda mrefu au kukimbia vita ana kazi moja kubwa inayomshughulisha kutwa, nayo ni kuchunga mambo yasije yakaharibika tena. Anasikilizia mlango. Anazisoma nyuso za watu wazima ajue nani amekasirika. Anapima kwa macho kama ugali utatosha. Mtoto aliye katika zamu hiyo hawezi papo hapo kukaa na kugawanya 84 kwa 7. Kinachompumzisha kinapatikana hata kwenye chumba kimoja cha kupanga: mtu mzima mmoja asiyebadilikabadilika, na muda wa kucheza unaokuja kila siku saa ile ile. Masomo yakiwekwa juu ya hayo mawili, yanashika. Yakiwekwa pasipo hayo, mtoto atakaririshwa na kupigwa, na mwisho wa mwaka mtabaki pale pale.

"Lakini yuko nyuma darasani!"

Hili ndilo pingamizi la kwanza, na kwa kuwa lina uzito lijibiwe kwa ushahidi. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, Jamaica, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha watoto 129 wenye udumavu kutoka mitaa maskini, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi walipewa maziwa ya nyongeza, baadhi walitembelewa nyumbani, baadhi walipata vyote viwili, na wengine hawakupata kimojawapo. Ziara zenyewe hazikuwa na makuu. Mhudumu wa afya ya jamii alifika mara moja kwa wiki, akakaa kama saa moja, akamwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa mikono, akaviacha pale nyumbani, na wiki iliyofuata akaja na vingine. Ikaendelea hivyo kwa miaka miwili. Watoto hao walipofuatiliwa wakiwa na miaka 22, wale waliotembelewa kwa ajili ya michezo walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25, na walikuwa wamewafikia vijana wengine wa mjini humo ambao hawakudumaa utotoni. Maziwa peke yake hayakuleta tofauti ya namna hiyo.

Tusiyasome matokeo hayo vibaya. Mtoto mwenye njaa apewe chakula kwanza, hakuna mjadala. La kuzingatia ni kwamba aliyecheza na mtoto siku sita kati ya saba alikuwa mama yake mwenyewe, ambaye hakuwa mtaalamu wa lolote, na kwamba muda uliotumika haukuibwa kutoka kwenye masomo. Ulikuwa ndio msingi wake. Utasema, hao walikuwa wachanga na wangu ana miaka minane. Ni kweli, na kadiri unavyoanza mapema ndivyo inavyokuwa rahisi. Kwa wakubwa zaidi kuna ushahidi wa hapa hapa kwetu, nitaufikia mbele.

Anayeona bado kwamba kucheza ni anasa aisome Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009. Inapoorodhesha mambo ambayo mzazi au mlezi anawajibika kumpa mtoto, inautaja mchezo na mapumziko katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 nao umeitenga ibara ya 12 kwa jambo hilo hilo.

Panga saa, kisha uilinde

Chagua saa utakayoweza kuitimiza hata siku ambayo kila kitu kimekwenda mrama. Mama anayefunga genge saa mbili usiku asijidanganye kwamba atacheza saa kumi jioni. Aseme saa mbili na nusu, baada ya kula, dakika ishirini tu, na azitimize. Mtoto ambaye maisha yake yalivunjika bila kuarifiwa hapimi urefu wa muda. Anapima kama ulichosema kimetokea. Dakika ishirini za kila siku zinamfaa kuliko Jumapili nzima ya ufukweni ikifuatiwa na wiki mbili za kimya. Mwenye saa nzima aigawe hivi:

- Dakika kumi za kufungua. Jambo lile lile kila siku: kunawa mikono, kutandika mkeka ule ule, kuimba wimbo mmoja wa makofi ambao mtoto anaujua.
- Nusu saa ya mtoto. Anachagua yeye, wewe unafuata. Humfundishi, humsahihishi, humuulizi "hii rangi gani?"
- Robo saa ya mchezo wenye kanuni: mdako, kuruka kamba, bao, gololi, na wakiwa wengi, kombolela au rede. Hapa ndipo anapojifunza kungoja zamu, na kushindwa bila dunia kuisha.
- Dakika tano za kufunga. Mnaokota vifaa, mnavihifadhi mahali pake, unamwambia kesho mtafanya nini.

Walezi wengi hukazania hiyo robo saa ya kanuni kwa sababu inaonekana kama kuna kitu kinafanyika, na kuzipuuza sehemu za kufungua na kufunga. Mimi naona hizo mbili ndizo za kushikilia hata ukibanwa. Mtoto anayejua jambo linaanzaje na linaishaje huanza kuamini kwamba yapo mambo yenye mpangilio, na imani hiyo ndiyo atakayoingia nayo darasani.

Kanuni za tabia zisizidi tatu. Hatuumizani. Hatuharibu kwa makusudi. Mmoja akisema basi, ni basi. Hii ya tatu ikuhusu na wewe: mtoto akisema ametosheka kutekenywa, acha papo hapo. Aliyewahi kupigwa au kuguswa vibaya hajawahi kuona neno lake likizuia mkono wa mtu mzima, na hapa ndipo atakapoliona kwa mara ya kwanza.

Asipotaka kucheza je? Usimvute. Kaa karibu, chambua mchele wako, au anza wewe kupanga visoda kwa mstari bila kumwangalia. Siku ya kwanza atatazama kwa mbali. Huenda wiki mbili zipite anatazama tu. Uendelee kuwepo saa ile ile, mahali pale pale, bila kumsemea mbele ya wageni kwamba "huyu hapendi watu."

Vifaa: usisubiri mfadhili

Huhitaji fedha. Visoda vinahesabika na kupangika. Mabua ya mahindi yanakuwa ng'ombe, nyumba, watu. Boksi la sabuni ni duka leo na basi kesho. Kanga kuukuu iliyofungwa kwenye viti viwili ni chumba, na mtoto aliyepoteza nyumba atakiingia mara nyingi kuliko unavyotarajia, mwache aingie. Udongo wa mfinyanzi unafaa mno kwa mtoto mwenye hasira, kwa kuwa unapigwa, unakandwa na kubomolewa bila mtu kuumia. Mpira wa matambara na makaratasi uliofungwa kamba, gari la waya, kamba ya katani, kokoto tano za mdako: kwa hizo mnaweza kucheza mwaka mzima. Midoli ya dukani inayofungiwa kabatini isichafuke haimsaidii mtoto yeyote.

Ila kuna tahadhari, na hizi zisome mara mbili:

- Kwa walio chini ya miaka mitatu, ondoa visoda, gololi, kokoto ndogo, maharage na kila kinachoweza kupita kooni. Wakubwa wakimaliza, fagia.
- Betri ndogo za duara, zile za saa na vidude vya kuwaka, zikimezwa huunguza koo na tumbo kwa ndani. Mtoto akiimeza apelekwe hospitali wakati huo huo, usisubiri itoke.
- Mbegu za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, na mbegu za mnyonyo zina sumu kali zikitafunwa. Zinavutia macho na watoto huzifanyia shanga. Tafuta mbegu nyingine.
- Chupa na makopo yaliyokuwa na dawa ya wadudu au ya mifugo hayasafishiki hata kwa maji ya moto. Yasiguse mchezo.
- Mifuko ya plastiki isivaliwe kichwani hata kwa mzaha.

Akicheza mazishi, msimkatishe

Walezi hushtuka hapa kuliko mahali pengine pote. Mtoto anachimba shimo, analaza bua, analifukia, anawaambia wenzake walie. Au anayetoka Katesh, wilayani Hanang, ambako tope la mlimani lilifukia makazi Desemba 2023, anajenga nyumba za udongo, anazimwagia maji mpaka ziondoke, anajenga tena. Mtu mzima anasema, "Acha uchuro!" Anaona ni balaa linaitwa. Kumbe mtoto anafanya kwa mikono kile ambacho sisi wakubwa tunakifanya kwa mdomo tunapokaa msibani tukisimulia mara ya kumi jinsi marehemu alivyougua. Hana maneno ya kutosha, ana mabua. Tofauti ni kwamba safari hii yeye ndiye anayeamua maji yamwagike lini na yaishe lini.

Kazi yako ni kukaa karibu, kusema kwa sauti unachokiona, na kutoongeza tafsiri. "Naona nyumba imekwenda na maji." "Naona watu wengi wamekuja kuzika." Inatosha. Usiulize, "Huyu ni baba, eti?" Akitaka utajua. Ila angalia kama mchezo unasogea. Ukiona siku baada ya siku unarudiwa vile vile bila kubadilika hata kidogo, na mtoto anaumaliza akiwa na hofu zaidi kuliko alivyouanza, mwongezee mlango wa kutokea: "Hawa waliobaki juu ya paa, nani anakuja kuwachukua?" Mpe boksi liwe mtumbwi. Mara nyingi ataudaka. Asipoudaka, na hali ikaendelea kwa majuma, ni dalili ya kutafuta msaada, na nitaeleza ni wapi.

Kuna jambo moja la kuzuia mara moja: mtoto anapomfanyia mwenzake mchezo wa kumvua nguo, kumlalia kwa nguvu au kumtisha asiseme. Usipige, usipige kelele. Watenganishe, mwambie huo mchezo hatuchezi kwa sababu mwili wa mtu ni wake, kisha baadaye, faraghani na kwa utulivu, muulize aliuona wapi. Anaweza kuwa anakuonyesha alichofanyiwa.

"Tuko msibani, na wewe unamchezesha?"

Pingamizi hili hutoka kwa wazee na linastahili heshima. Matanga yana adabu zake, na hakuna anayesema watoto wapige kelele mbele ya wafiwa. Lakini huzuni ya mtoto huja kwa vipande. Analia sasa hivi, baada ya dakika kumi anacheza gololi, jioni analia tena. Haina maana kwamba hajali au hajaelewa. Hawezi kubeba mzigo mzima kwa mfululizo, basi anautua kidogo na kuunyanyua tena. Mpe nafasi hiyo nyuma ya nyumba au kwa jirani, pamoja na binamu zake na mtu mzima mmoja wa kuwaangalia, kisha arudi kwa bibi yake anapotaka. Waeleze wazee kabla, kwa upole, msije mkabishana mbele ya mtoto.

Na katika kumwambia habari ya kifo, kuna kauli zilizozoeleka ambazo zinadhuru kuliko zinavyofariji:

- "Mama amesafiri." Mtoto atamsubiri kituoni. Akigundua ukweli atajua pia kwamba ulimdanganya, na hapo utakuwa umeupoteza ule uaminifu tuliotaka kuujenga kwa saa ya kucheza.
- "Amelala." Wapo watoto wanaoogopa kulala tangu siku hiyo.
- "Mungu amempenda zaidi." Mdogo anaweza kuelewa kwamba anayefuata kupendwa ni yeye.
- "Wewe sasa ndiye baba wa nyumba, usilie." Ana miaka tisa.

Sema kwa maneno mepesi: mama amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, haumii tena, hawezi kurudi, na wewe hukusababisha. Ongeza kile ambacho dini yenu inafundisha. Kisha mwambie atakula wapi, atalala wapi na nani atampeleka shule Jumatatu. Hayo ndiyo yanayomkosesha usingizi.

Kutoka mkekani hadi daftarini

Baada ya majuma kadhaa ya mpangilio usioyumba, ukiona anakuja mkekani kabla hujamwita, anaanza kukubishia na kukuletea mawazo yake, sasa fungua mlango wa masomo. Usiufungue kwa daftari. Michezo yenyewe imejaa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Bao ni kuhesabu na kupanga hatua mbele. Mdako ni kujumlisha. Duka la boksi ni chenji: mpe visoda kumi viwe shilingi elfu kumi, anunue mchele wa elfu tatu na mafuta ya elfu mbili, akudai salio. Vitendawili ni lugha, na vina faida nyingine kwa mtoto mkimya, kwamba neno la kujibu limeshapangwa, akiambiwa "kitendawili!" anachotakiwa ni "tega!" tu. Wapo ambao sauti yao ya kwanza baada ya miezi ni hiyo. Mwombe akusimulie jambo, uliandike kwa herufi kubwa vile vile alivyosema, kisha msome pamoja. Kitabu chake cha kwanza kiwe cha maneno yake.

Halafu mkute alipo. Shirika la Pratham la India limejulikana duniani kwa jambo jepesi: kuwapanga watoto kwa kiwango wanachojua badala ya umri au darasa, na kuwafundisha kuanzia hapo kwa michezo, kadi na masimulizi. Mtoto wa darasa la tano asiyetambua silabi aanze na silabi, bila kumwita mjinga na bila kumweka na wadogo mbele ya watu. Cheza naye kadi za silabi nyumbani. Dakika kumi na tano zinatosha, akichoka, funga.

Uangalie na lugha. Mtoto aliyekulia kijijini kwa Kisukuma au Kihaya akihamia Dar es Salaam anaweza kuonekana mzito kumbe hajaelewa swali. Kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, watoto wa Kikongo husoma kwa mtaala wa nchi yao, kwa Kifaransa, huku nyumbani wakizungumza Kiswahili chao. Mtoto kama huyo acheze kwa lugha ya nyumbani. Ya shule itafuata.

Uende shuleni wewe mwenyewe

Mlezi asimtume mtoto na barua. Nenda ukaonane na mwalimu wa darasa faraghani, umweleze kwa kifupi kwamba mtoto amepitia jambo gumu. Huhitaji kumwaga yote. Omba mambo manne: akae karibu na mlango au na mwalimu, asishtukizwe kwa nyuma, akitoka nje kupumua asifuatwe na fimbo, na asizuiwe mapumziko kama adhabu. Kuhusu fimbo sema wazi. Kenya iliiondoa shuleni mwaka 2001. Tanzania bado inairuhusu, lakini kwa kanuni: mkuu wa shule au aliyemteua, isizidi viboko vinne, na iandikwe kitabuni. Mwalimu mwenye huruma atakuelewa ukimwambia kwamba kwa mtoto aliyetoka kwenye kipigo, kiboko kimoja kinarudisha nyuma kazi ya miezi.

Usikubali pia kuambiwa kwamba nafasi imeshapita. Ada katika shule za umma za Tanzania iliondolewa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na sita. Aliyeacha shule kwa kupata ujauzito anaruhusiwa kurudi tangu Novemba 2021. Aliyekosa kuanza kwa wakati aulizie MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, kwa afisa elimu kata. Sare na michango bado ni mzigo, najua. Kaya isiyojiweza iulizie kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kuhusu mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini.

Makosa yanayorudiwa

- Kuutumia mchezo kama tuzo. "Hujamaliza hesabu, leo huchezi." Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa maana linamnyang'anya dawa mgonjwa aliyezidiwa. Siku aliyoharibu kila kitu ndiyo siku anayoihitaji zaidi ile saa.
- Kumbembeleza au kumlazimisha asimulie yaliyomkuta, hasa mbele ya wageni, wafadhili au kamera.
- Kumlinganisha. "Mwenzio naye yatima, mbona anafaulu?"
- Kubadilisha walezi ovyo: mwezi huu kwa shangazi, ujao kwa mjomba, kila mmoja akitimiza wajibu wake. Ukoo ukae uamue mmoja, wengine wachangie kwa fedha na kwa kumtembelea.
- Kumwachia simu na kuita huo ni mchezo. Kipindi kizuri cha watoto kina faida mkikitazama pamoja na kukizungumza. Hakishiki nafasi ya mtu.
- Kumsahau mwenye ulemavu kwa kudhani hawezi. Asiyeona anacheza mpira wenye kokoto ndani. Asiyetembea anakuwa mwamuzi leo na mfalme wa bao kesho.

Kosa jingine nalitaja peke yake kwa kuwa linajificha. Msichana wa miaka kumi na moja anachukuliwa kijijini na ndugu wa mjini "akasomeshwe." Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachota maji, anafua, anambeba mtoto wa mwenye nyumba, anaenda shule amechoka, anarudi kupika. Wavulana wa nyumba hiyo wako nje wanacheza chandimu. Ukimwuliza mwenye nyumba kwa nini binti hafaulu, atajibu kwamba ni mzito. Hesabu saa za kazi za kila mtoto wa nyumba yako kwa wiki moja, mvulana kwa msichana, wa kumzaa na wa kufikia. Kazi za nyumbani si ubaya, na zikifanywa pamoja kwa mazungumzo zinalea. Lakini saa ya kucheza ya msichana ikiliwa na vyombo, jibu la swali lako umeshalipata.

Na kwa wenye miaka kumi na mbili na kuendelea, neno kucheza litawaudhi. Waite kwenye timu, ngoma, maigizo, kutengeneza baiskeli, kupika mapishi mapya, kuwafundisha wadogo mdako. Mpangilio ni ule ule: saa inayojulikana, mtu mzima yule yule, na uamuzi ambao ni wao.

Wakati nyumbani hapatoshi

Kukojoa kitandani, kuweweseka usiku, kung'ang'ania nguo zako na kuongea kitoto ni mambo ya kawaida katika majuma ya kwanza. Usiyaadhibu. Tafuta msaada ukiona yafuatayo:

- Yamepita zaidi ya miezi miwili hayapungui, au yanazidi.
- Mtoto hali, halali, au haongei na yeyote.
- Anajiumiza, anatesa wanyama au wadogo, au anazungumzia kufa yeye mwenyewe. Kwa hili usisubiri hata siku moja.
- Una shaka kwamba anapigwa au ananajisiwa.

Anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au wa hospitali ya wilaya. Kwa ukatili, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga, mfundishe.

Wapo watakaosema kwamba wanasaikolojia wako mijini tu na kwa wenye fedha. Ndiyo maana nilisema kuna ushahidi wa hapa kwetu. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote waligawanywa kwa kura. Nusu walihudhuria vikao vya kikundi kwa wiki 12, walezi wao wakishirikishwa, vikiendeshwa na watu wa kawaida wa jamii waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Vikao vilipoisha, hali yao ilikuwa bora kuliko ya wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Mwalimu, mhudumu wa afya na kiongozi wa kanisa au msikiti wanaweza kufundishwa kazi hii. Wadai viongozi wenu wa kata mafunzo hayo, kama mnavyodai zahanati.

Kwa mlio vituoni na mnaojitolea

Mjini Bucharest, Romania, watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi walishirikishwa katika utafiti ambao nusu yao walipelekwa katika familia za kambo kwa kura. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi, hasa waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka miwili. Kwa hiyo swali la kwanza la kituo chochote cha watoto liwe: huyu ana bibi, mama mdogo au kaka ambaye angeweza kumlea akisaidiwa? Fedha inayolipia kitanda kituoni mara nyingi ingetosha kumwezesha ndugu.

Palipo lazima kituo, kila mtoto awe na mlezi wake mmoja anayejulikana, na zamu zipangwe hivyo hata kama ratiba ya wafanyakazi itasumbua. Wageni wa kujitolea wa majuma mawili wasipewe kazi ya kukumbatia watoto na kuchezeshana nao kisha wakapotea. Mtoto aliyefiwa akiagwa mara sita kwa mwaka anajifunza kutomsogelea mtu. Wafue, wapake rangi kuta, wawafundishe walezi walichonacho. Na wewe uliyekaa miezi mingi na sasa unaondoka, waambie watoto angalau wiki tatu kabla, kwa tarehe. Chora kalenda ukutani wawe wanakata siku pamoja nawe. Mlete atakayekurithi akae mkekani mkiwa wawili kwa wiki nzima, ajifunze wimbo wenu wa kufungua. Usiahidi kurudi kama hujakata tiketi. Siku ya mwisho, saa ya kucheza ianze na iishe kama kawaida, na kesho yake mrithi wako aitimize dakika ile ile.